Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kifaransa na zile "ningalijua"

Nikimwambia mtu kwamba nafundisha Kifaransa, jibu huwa lile lile: "Aah, kazi yako kumbe ni kupiga stori tu." Halafu ananiomba niseme kitu, chochote kile, asikie tu. Basi hii hapa siku yangu ya jana. Nikiulizwa tena, nitamtumia mtu hii asome.

Saa 11 alfajiri

Madaftari 26 mezani, kalamu nyekundu mkononi. Zoezi ni conditionnel passé: sentensi tano za kukamilisha, tano za kutunga mwenyewe. Kwa asiyejua, huu ndio muundo ambao Mfaransa hutumia kusema jambo ambalo lingalitokea lakini halikutokea. Unachukua kitenzi kisaidizi, ama avoir (kuwa na) ama être (kuwa), unakiweka katika conditionnel présent: j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient, au je serais, tu serais, na kuendelea. Mbele yake unaweka participe passé ya kitenzi chenyewe, yaani umbo lake la jambo lililokwisha tendeka. J'aurais parlé, ningalizungumza. Je serais parti, ningaliondoka. Kitabuni ni ukurasa mmoja. Darasani kwangu hii ni wiki ya tatu.

Adui wa alfajiri hii ni herufi s. J'aurai fini, bila s, ni "nitakuwa nimemaliza". J'aurais fini ni "ningalimaliza". Herufi moja inageuza ahadi kuwa majuto, na sikio halikusaidii, kwa sababu hata Wafaransa wengi huyatamka maneno hayo mawili sawasawa. Nilizungushia duara pale ambapo s haipo mara 19, kisha nikaacha kuhesabu.

Saa 2 asubuhi

Watoto. Rangi, namba, siku za wiki, wimbo ule ule mara sita. Koo likaanza kukwaruza.

Saa 4

Darasa la watu wazima wanaojiandaa na DELF B2, mtihani wa cheti cha Kifaransa, wenye yale madaftari. Hawa nawapenda. Wanakuja wamechoka na kazi zao, lakini wakiuliza wanauliza kweli.

Nilichora ubaoni nyumba ya être, mchoro ambao walimu wengi wa Kifaransa wanaujua: mtu anaingia mlangoni (entrer), anapanda ngazi (monter), anashuka (descendre), anaanguka (tomber), anatoka (sortir); chumba kimoja anazaliwa mtu (naître), kingine anakufa mtu (mourir). Vitenzi hivyo, pamoja na vile vya kujitendea kama se lever, havitaki avoir. Ukisema j'aurais allé umeharibu; ni je serais allé. Na ukishatumia être, participe passé inafuata kiima kwa jinsia na idadi: elle serait partie, ils seraient partis.

Hapo hawakusumbuka. Walikwama kwenye si, "kama" ya Kifaransa.

Nusu ya darasa waliandika Si j'aurais su, je ne serais pas venu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii kosa hilo lilinikera, nikidhani ni uzembe. Nilichelewa sana kugundua kwamba linatoka mdomoni mwetu wenyewe. Sisi tunasema "Ningalijua, nisingalikuja": -ngali- huku, -ngali- kule, mizani imekaa sawa. Kifaransa hakitaki mizani hiyo. Upande wa si unakaa na plus-que-parfait (j'avais su, nilikuwa nimejua), na conditionnel passé inabaki upande wa pili peke yake: Si j'avais su, je ne serais pas venu. Watoto wa Ufaransa wenyewe hulikosea hili, ndiyo maana shuleni hukaririshwa kwamba les si n'aiment pas les -rais, yaani si haipatani na -rais.

Tena siku hizi wengi wetu tunasema -nge- kwa kila kitu. "Ningekuja" yako ni ipi? Je viendrais, ya sasa, au je serais venu, ya jana iliyokwisha pita? Mfaransa atakulazimisha uchague. Kwa hiyo kabla ya kuwafundisha Kifaransa, kwa nusu saa nzima niliwarudisha kwenye Kiswahili chao, -nge- na -ngali-. Mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe na hiki hatukijui." Hilo ndilo jambo ninalojivunia katika kazi hii, na halionekani kwenye stori.

Nilimaliza kwa sauti ya mahubiri: "Baada ya si, -rais kamwe!" Kumbukeni hilo neno kamwe.

Saa 6 mchana

Somo la mtu mmoja, saa moja. Bwana huyu hufanya biashara na kampuni inayotumia Kifaransa. Alifika saa 6 na dakika 25, akajieleza: "Ningalikuja mapema, mwalimu, ila..." Nikamwambia haya, iseme kwa Kifaransa. "J'aurais venu," akajibu kwa kujiamini. Nyumba ya être ilikuwa bado ubaoni, nyuma ya kichwa chake.

Hakuja kusoma. Alikuja na barua. "Nipitishie macho tu, dakika mbili."

Mstari wa kwanza: Si vous auriez envoyé les documents, nous aurions signé, yaani mngalituma nyaraka, tungalitia saini. Nikakata auriez, nikaandika aviez. Akaichukua karatasi, akaitazama kana kwamba nimeimwagia wino. "Rafiki yangu anaishi Ufaransa miaka mingi, anasema hivi hivi."

Sikukataa. Nilimwambia wapo Wafaransa wanaosema hivyo, na wapo Wafaransa wanaowasahihisha hapo hapo. "Kwani mpokeaji hataelewa?" Ataelewa, ndugu yangu. Ataelewa pia kwamba barua haikusomwa na mtu. Akafikiri, akairudisha auriez kwa kalamu yake. Akafikiri tena, akaikata. Dakika zinakwenda.

Mstari wa tatu: Vous auriez dû nous prévenir. Kisarufi safi kabisa, hata kile kikofia cha dû kipo. Lakini tu aurais dû, vous auriez dû, ni lawama tupu, "mlipaswa mtuambie na hamkutuambia". Nikamuuliza kama anataka kugombana au anataka kusainiwa mkataba. Anataka mkataba. Basi njeo hiyo hiyo inaweza kuvaa kanzu nyingine: Nous aurions souhaité être prévenus, yaani tungalipenda kuarifiwa. Ujumbe ni ule ule na hakuna aliyenyooshewa kidole. Akasema hiyo ni laini mno, mtu hataogopa. Tukabishana juu ya woga kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

Mstari wa sita ndio ulionitoa jasho. Votre directeur aurait refusé notre offre. Yeye alikusudia kwamba mkurugenzi wao angaliikataa ofa kama wangalichelewa, lakini kwenye sentensi hakuweka sharti lolote. Ikisimama peke yake hivyo, Mfaransa anaisoma kama anavyosoma gazeti. Le ministre aurait démissionné haina maana ya "waziri angalijiuzulu". Ni "waziri inadaiwa amejiuzulu", habari ambayo mwandishi hajaithibitisha na hataki kuibeba mgongoni. Kwa hiyo barua ya bwana wetu ilikuwa inawaambia watu: tumesikia tetesi kwamba mkurugenzi wenu ameikataa ofa yetu.

Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza akaandika ninachosema.

Tulimaliza saa 8 kasoro, na mwanafunzi aliyefuata alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu. Wakati wa kulipa bwana akaniuliza kama siwezi kupunguza, maana hatukufungua kitabu. "Leo tumeongea tu, mwalimu."

Mchana ule

Sina hakika na saa tena. Aliyekuwa mlangoni aliuliza swali zuri na akapata mwalimu aliyechakaa: mbona wengine wanaandika j'aurais monté wakati monter imo ndani ya nyumba ya être? Kwa sababu ya shamirisho. Ukipanda wewe, je serais monté. Ukipandisha kitu, j'aurais monté les valises. Ndivyo ilivyo pia kwa descendre, sortir, rentrer, retourner na passer. Nilimweleza mara mbili kwa mfano ule ule wa masanduku, nikidhani mara ya pili nimetoa mfano mpya. Aliniangalia kwa huruma.

Baada yake wawili kwa njia ya mtandao. Mmoja intaneti ilimkatika kila nilipofika kwenye participe passé, kwa hiyo kwa upande wake alisikia "elle se serait..." mara nane bila mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa kwamba elle se serait lavée ina e, kwa kuwa amejiosha yeye, ila elle se serait lavé les mains haina, kwa kuwa kilichooshwa ni mikono, nayo imetajwa baadaye. Nilimwandikia kwenye ujumbe. Wa pili alighairi, zikiwa zimebaki dakika kumi. Nilifurahi, ingawa somo lililoghairiwa halilipwi.

Usiku

Nimejilaza, simu ikalia. Ni mmoja wa wale wa saa 4, mkimya, anayekaa nyuma.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu usiku huu. Sentensi yangu ya nane umenikata, nami nimeitazama sana."

Alikuwa ameandika Je me demandais si elle aurait accepté une autre offre. Kwa wino mwekundu wa alfajiri nilikuwa nimekata aurait na kuandika avait pembeni, pamoja na alama ya mshangao. Nikaisoma tena. Si hii haikuwa ya sharti. Ilikuwa ya kuuliza: nilikuwa najiuliza kama angalikubali ofa nyingine. Hapo conditionnel inaruhusiwa kabisa. Sentensi yake haikuwa na kasoro hata moja, naye alikaa darasani kimya akinisikiliza nikihubiri "kamwe", akasubiri hadi usiku asiniaibishe mbele za watu.

Nilimjibu kwamba yuko sahihi, kwamba kesho nitalirekebisha mbele ya wote, na ili nisionekane nimekasirika nikaongeza kwa Kifaransa kwamba nilipaswa kusoma tena: J'aurai dû relire.

Zikapita dakika mbili hivi.

"Asante sana mwalimu. Aurais. Na s."