Kitako Hukaa Hapa

Babu yangu mzaa mama alikuwa na namna moja tu ya kusimulia Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa anamwita mjukuu, anamsimamisha mbele yake, halafu anamkandamiza kwa dole gumba kwenye kile kibonde kilicho chini ya mtulinga, upande wa kulia. "Kitako hukaa hapa," anasema. "Si hapa," anagusa ncha ya bega, "wala hapa," anagusa mkono. "Ukikosea, bunduki inakupiga teke kama punda." Basi. Hadithi imekwisha, nendeni mkacheze.

Hiyo ndiyo iliyokuwa Bama yetu (Myanmar ya leo), sisi wajukuu wa Muheza. Babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya 36, watu wa Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Haya nimeyasoma ukubwani. Yeye mwenyewe alituachia lile dole gumba na jambo moja jingine: kwamba ndani ya risasi mna tambi. "Tambi kabisa," alikuwa akisema, "kama zile anazopika mama yenu siku ya Idi." Tulicheka mpaka tukaanguka. Hata mama alicheka. Babu hakurudia tena mara nyingi baada ya hapo, na sasa nikikumbuka kile kicheko nasikia uchungu.

Mimi naishi Mississauga, Ontario, mwaka wa kumi na mbili huu. Baba mkwe wangu ni Mkanada, fundi umeme mstaafu, mtu mpole asiyependa makelele, na kila vuli huenda renji kulenga shabaha kwa bunduki moja tu, Lee-Enfield namba 4. Amenialika miaka mingi, nami miaka yote nimekataa. Mimi nilikokulia, bunduki ni polisi, ni mgambo, ni jambazi. Haijawahi kuwa kitu cha kwenda nacho matembezini na chupa ya chai. Mwaka huu nilikubali kwa sababu ya Mjomba. Nilimtajia kwenye simu kwamba mkwe ana bunduki ya vita, ya risasi za .303, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ukaipige, mwanangu. Uje uniambie kama Mzee alisema kweli."

Tukaondoka Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa moja asubuhi, ua jekundu la popi limebandikwa kifuani kwa kila mmoja wetu kama wafanyavyo watu wa huku kuelekea tarehe 11, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Bunduki ilikuwa ndani ya buti, imefungwa kwenye sanduku lake, haina risasi, komeo, kile chuma cha kuifungia risasi ndani, limetolewa na kuwekwa mbali. Hatukuelekea kaskazini moja kwa moja. Baba mkwe hapeleki bunduki ile renji bila kuipitisha kwanza ilikozaliwa.

Ilizaliwa Lakeview, ukingoni mwa Ziwa Ontario, mahali ambapo barabara ya Lakeshore inakaribia kuvuka kijito cha Etobicoke na kuingia Toronto. Mwaka 1915 hapo palikuwa na uwanja wa ndege na shule ya marubani. Mwaka 1940, Ufaransa ikiwa imekwisha kuanguka na Uingereza ikihemea silaha, serikali ya Kanada ikaanzisha hapo kampuni ya Small Arms Limited. Mwaka 1941 bunduki za kwanza zikatoka, zimegongwa ubavuni jina la mtaa jirani: LONG BRANCH. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1945, zilikuwa zimetoka karibu 900,000. Zaidi ya nusu ya waliozitengeneza walikuwa wanawake.

Kiwanda chenyewe hakipo tena. Limebaki jengo refu la matofali, lile la ukaguzi, na ng'ambo yake mnara wa tanki la maji. Jengo lingebomolewa kama wakazi wasingelipigania, na diwani wao marehemu Jim Tovey akiwa mbele. Leo ni ukumbi wa sanaa. Asubuhi ile lilikuwa bado limefungwa. Tulisimama nje, upepo wa ziwa unakata masikio, na baba mkwe akaweka kiganja juu ya matofali kama mtu anayempima mtoto homa. "Mama alikuwa anaingilia upande ule," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Mama yake alikuja hapa akiwa na miaka kumi na tisa kutoka Saskatchewan, nyikani kwenye ngano, siku mbili ndani ya treni. Kazi yake ilikuwa ukaguzi. Wengi wanajua picha ya Veronica Foster, yule binti aliyepigwa picha mwaka 1941 akiwa na kitambaa kichwani na bunduki ya rashasha ya Bren mbele yake, katika kiwanda cha Inglis cha Toronto. Picha ile ilisambazwa nchi nzima kuwaita wanawake viwandani. Mama wa baba mkwe hakupigwa picha na mtu. Alishinda amekaa mezani chini ya taa, na geji mbili, vipimo vidogo vya chuma.

Hapa naomba msomaji avumilie, maana hiki ndicho kitu nilichokwenda kukiona bila kujua. Bunduki ya aina hii ina komeo, na mbele ya komeo kuna kichwa chake, kipande kidogo cha chuma kinachofunguka kwa kuzungushwa. Ndicho kinachoisukuma risasi ndani ya chemba na kuishikilia inapolipuka. Nafasi kati ya kichwa hicho na kitako cha risasi lazima iwe sawasawa. Ikibana, komeo halifungi. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi nyuma, usoni kwa mpigaji. Kwa hiyo vichwa vilitengenezwa vya saizi nne, vimegongwa namba 0, 1, 2 na 3, na tofauti ya namba moja na inayofuata ni kama unene wa unywele. Mkaguzi anaingiza geji ya kwanza: komeo lazima lifunge. Anaingiza ya pili: lazima ligome. Likifunga kwenye ile ya pili, kichwa kinabadilishwa, anaanza upya. Siku nzima, siku sita kwa wiki, miaka mitatu.

"Mpaka anakufa," baba mkwe aliniambia tulipokuwa tunarudi garini, "mama alikuwa anafunga mfuniko wa chupa ya jemu, anaufungua, anaufunga tena. Anasema: huu lazima uingie, huu lazima ugome. Sisi watoto tulidhani ni wimbo."

Nilitazama dirishani nisimjibu. Nilikuwa namfikiria askari wa Muheza, shavu lake limelala juu ya mti wa bunduki, matope ya Kabaw hadi magotini. Sisemi kwamba bunduki yake ilitoka Lakeview. Namba 4 zilitengenezwa Uingereza na Marekani pia, na zile za aina ya zamani zilitoka mpaka India na Australia. Lakini kila moja ya bunduki hizo ilipita mezani kwa mtu kama yule binti wa Saskatchewan, na kama binti yule angesinzia, uso ambao ungeungua ni uso kama wa babu yangu. Hakuna aliyewahi kuwaambia, yeye wala babu, kwamba wanahusiana.

Njia ya kaskazini sina mengi ya kuieleza. Barabara ya 400 ni pana na inachosha. Pale Holland Marsh tu ndipo nilipoinua kichwa: bonde tambarare la udongo mweusi kama masizi, mashamba ya vitunguu na karoti yamekwisha kuvunwa, trekta moja peke yake. Udongo ule ungemliza mkulima yeyote wa kwetu kwa wivu. Tukanywa kahawa Barrie, tukapita, misonobari ikaanza kusongamana.

Renji ni ya klabu ndogo ndani ya msitu: kibanda cha mbao, safu ya meza, kisha uwazi wa majani unaokwenda kuishia kwenye kingo kubwa ya udongo. Bendera nyekundu inapepea. Wazee sita au saba, mama mmoja na binti yake wa miaka kama ishirini. Nilitarajia watu wa kujigamba, nikakuta watu wanaoongea kwa sauti ya chini kama walio maktaba. Msimamizi wa renji akanieleza sheria mara mbili: mtutu daima uelekee mbele, kidole kikae nje mpaka shabaha iko machoni, akisema simama kila kitu kinasimama. Sina leseni ya bunduki. Sheria ya Kanada inaniruhusu kupiga mradi mwenye leseni awe ubavuni pangu ananisimamia, na baba mkwe hakusogea hata hatua moja.

Kabla ya kupiga alitoa kopo la biskuti la mama yake. Ndani mlikuwa na geji moja iliyofutika namba, beji ya kiwanda, na risasi ya .303 ya wakati wa vita iliyopasuliwa ubavu ili watu waone tumbo lake. Haiwezi kulipuka, alisema, baruti iliyomo imegandishwa. Akanipa niishike.

Tumboni mlikuwa na tambi.

Sina namna nyingine ya kusema. Vijiti vyembamba vya rangi ya kahawia, vimelala sambamba, vimefungana kama tambi za pakiti kabla hazijavunjwa kuingia sufuriani. Inaitwa kodaiti, baba mkwe akasema. Waingereza waliifanya hivyo, nyuzi nyuzi, wakati watu wengine wanatumia baruti ya punje. Akaniuliza kama najisikia vizuri. Nilimwambia anisubiri kidogo. Nilikaa kwenye benchi na ile risasi kiganjani, nikamwona babu amekaa kwenye kigoda chake, na sisi tunacheka.

Halafu nikalala kifudifudi juu ya mkeka. Bunduki ina uzito wa kilo nne na ushee, na baada ya dakika moja unajua kila gramu yake. Risasi tano huja zimeshikwa na kibanio kimoja, nazo zina ukingo chini, kwa hiyo lazima zipangwe ukingo wa juu utangulie ule wa chini, zikipishana, zinakwama. Baba mkwe alizipanga kwa vidole bila kutazama. Nikazisukuma chini kwa dole gumba, nikakoki. Komeo la Lee-Enfield huzunguka kidogo tu na kurudi, laini kama droo iliyopakwa nta, ndiyo maana askari waliofunzwa vizuri waliweza kupiga haraka ajabu.

"Kitako," alisema baba mkwe, akainama kunionyesha. Nikamwambia najua kinapokaa.

Nilivuta kifyatulio. Kina hatua mbili: ya kwanza inalegea, ya pili inagoma kidogo, kisha dunia inapasuka. Hata kwa vikinga masikio niliisikia kwenye meno. Teke lilikuja pale pale, kwenye kibonde, zito na la mara moja. Nikakoki tena, ganda likaruka kuliani likinukia kama kiberiti na shaba ya moto. Nilipiga kumi. Saba zilikuwa ndani ya karatasi kwa yadi 100, zimeangukia chini kulia, mbili zikakaribiana mpaka matundu yakagusana. Baba mkwe alilizungushia kalamu lile pacha na kuandika tarehe.

Nilifurahi. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa nilidhani sitafurahi. Ule utulivu wa kushusha pumzi na kungoja, jicho moja, tundu moja, hakuna simu wala kazi, ni utulivu ambao sijaupata mahali pengi. Lakini kwenye risasi ya nane au ya tisa nilikumbuka kwamba babu hakuwahi kupiga karatasi. Mbele yake kulikuwa na kijana wa Kijapani mwenye njaa na malaria kama yeye. Hilo ndilo ambalo dole gumba lake halikutusimulia. Niliimaliza ile kumi, nikaweka komeo wazi, nikasema inatosha, na baba mkwe hakunishawishi. Alipiga zake ishirini taratibu, kisha sote wawili tukapiga magoti kuokota maganda kwenye majani yaliyoanza kuganda barafu, kwa kuwa huyajaza tena mwenyewe nyumbani. Aliyahesabu mpaka yakatimia thelathini.

Tulipofika Mississauga kulikuwa kumekwisha kuwa giza, na Muheza alfajiri ilikuwa bado. Nilingoja mpaka nikajua Mjomba ametoka msikitini, nikampigia.

"Inapiga teke, Mjomba."

"Uliiweka wapi?"

"Kwenye kibonde. Chini ya mtulinga."

"Eeh." Nikasikia anavuta kiti. "Na lile jambo jingine?"

"Zilikuwa tambi, Mjomba. Nimeshika mwenyewe kwa mkono huu. Tambi za kahawia, zimepangwa vizuri."

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akiweka simu chini bila kuikata, na sauti yake ikienda mbali kuelekea uani, akimwita mkewe kwa nguvu kama kuna mgeni mlangoni: njoo usikie, njoo usikie, Mzee alikuwa anasema kweli.