Faili la mishahara ndilo lililonichagulia kompyuta

Kompyuta yangu ilipokufa, moyo ulitaka Linux, mfumo endeshi unaoweza kushika nafasi ya Windows. Ni nyepesi, naielewa, na kwa mambo yangu binafsi sijawahi kukosa imani nayo. Lakini kazi yangu ni kuandaa mishahara, na mishahara yote imo ndani ya faili moja la Excel nililolijenga kwa miaka tisa.

Basi kabla ya kununua chochote niliazima mashine tatu, ya Linux, ya Mac na ya Windows, nikalifungua faili hilo katika kila moja. Nawasihi nanyi mfanye hivyo, tena kwa faili lenu gumu kuliko yote, si lile la orodha ya majina.

Kwenye Linux hakuna Excel ya kusakinisha, nikatumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali inayofanana nayo. Fomula zilitoa majibu yaleyale mpaka senti ya mwisho, nilifurahi sana. Kilichokwama ni makro, yaani programu ndogo ndani ya faili zinazofanya kazi kwa niaba yako. Calc huendesha baadhi tu ya zile za VBA, lugha inayoandikiwa makro za Excel, na yangu inayotoa hati ya malipo ya kila mfanyakazi ilisimama katikati. Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi VBA kabisa.

Mac ilinipa matumaini. Excel yenyewe ilianzia huko mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufika Windows. Makro zilikwenda vizuri. Ila Power Pivot, zana ya Excel ya kuunganisha na kuchambua majedwali mengi, haipo kwenye Mac, na muhtasari wangu wa mwaka umesimama juu yake.

Tena kuna la tarehe, ambalo bado linanitia baridi. Nilinakili tarehe za kuajiriwa kutoka faili la zamani lililotengenezwa kwenye Mac, na watu wote wakaonekana wameajiriwa miaka minne na siku moja kabla ya wakati wao. Faili lile lilikuwa likihesabu siku tangu 1904, langu tangu 1900. Tofauti yake ni siku 1,462. Ningelipa kiinua mgongo cha mtu kwa hesabu hiyo? Tangu hapo, kila faili linalonijia nakagua mpangilio huo kwanza.

Nikanunua ya Windows, ambako Excel ina makro na Power Pivot pia. Linux nimeiweka humo ndani kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na jioni naendelea na kazi niliyojipa: kuzigeuza makro zangu kuwa fomula za kawaida, ambazo Calc inazielewa. Zilikuwa kumi na moja. Zimebaki saba.