Flashi ya saa kumi na robo

Nilikuwa konda kwa gari za 46, Kawangware kwenda tao, na nilikohoa kama miezi miwili hivi nikijiambia ni vumbi na moshi wa steji. Nikamaliza chupa tatu za dawa ya kikohozi kutoka kwa kemisti, wapi. Suruali zikaanza kunitoka, usiku naamka shuka imelowa jasho, dere wangu ananiangalia kwa kioo kila nikikohoa. Kilichonipeleka kupimwa ni mama mmoja mzee aliyekataa kupokea chenji mkononi mwangu, akaniambia niiweke tu kwa kiti.

Zahanati ya serikali nikatema makohozi kwa kikopo, yakapitishwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, na siku hiyo hiyo jibu likatoka, TB. Dawa zenyewe ni za bure kwa hivyo pesa haikunisumbua, kilichonitisha ni miezi sita kila siku bila kuruka. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja, mimi nilikuwa na kilo 52 nikapewa vitatu kwa mpigo, alafu miezi minne inayobaki ni dawa mbili. Na unameza tumbo likiwa tupu. Siku ya pili nikakojoa rangi ya Fanta, nikapigia zahanati nikitetemeka, kumbe nilikuwa nimeambiwa na sikuwa nasikiza, ni dawa tu hiyo.

Sista wa zahanati akauliza nani atakuwa ananiona nikimeza. Naishi peke yangu, nikamwambia simu itanikumbusha. Akacheka kidogo, alafu akanihadithia utafiti uliofanywa hapa Nairobi na Kajiado, ukatoka kwa jarida la Lancet mwaka wa 2010, watu 538 walioanza ARV, dawa za HIV, karibu nusu yao wakawa wanatumiwa meseji mara moja kwa wiki, neno moja tu, "Mambo?" Unajibu "Sawa" ama "Shida", na ukisema shida ama ukinyamaza siku mbili muuguzi anakupigia. Waliotumiwa walimeza dawa vizuri kuliko wenzao. Mimi nilichopenda ni kwamba haikutaja dawa wala ugonjwa, mtu akichungulia simu yako kwa gari anaona salamu tu.

Sasa mimi nilikuwa na kabambe na kredo ya kuokoteza. Nikaongea na dadangu mkubwa ako ushago Kakamega, yeye huamka mapema kukamua. Tukakubaliana saa kumi na robo alfajiri ananiflashi, mimi nameza, namrudishia flashi moja kama niko sawa, mbili kama kuna shida. Hakuna hata shilingi inatumika. Nisiporudisha hadi saa kumi na mbili anapiga ya kweli, na akipiga ya kweli utajua, "Wewe kijana, umemeza ama nikuje huko?" Alamu nilikuwa nazima nikiwa bado usingizini, lakini dadangu hazimwi.

Wiki mbili za kwanza sista alinikataza gari kabisa, alafu nikarudi skwodi kidogo kidogo. Mwezi wa tatu simu ikaibiwa Muthurwa. Nikawa mteja siku tatu, na wacha niseme ukweli, siku hizo tatu sikumeza, kikohozi kilikuwa kimeisha, nimeongeza kilo, nikaona si nimepona. Dadangu akapigia zahanati, nambari nilikuwa nimempa siku ya kwanza, na jioni mama mmoja wa afya ya jamii akanipata nimekaa mlangoni. Hakunigombeza. Alitoa paketi zote akazipanga kwa kitanda akahesabu vidonge kimoja kimoja kwa ukucha, polepole, mimi nimesimama hapo kama mtoto ameiba sukari. Kesho yake nikarudisha laini na kununua kabambe ya mtumba.

Wakati huo kwa grupu ya WhatsApp ya madere na makonda mtu alikuwa ameforwadi ati TB inatibiwa na kitunguu saumu na tangawizi, na ati unaishika ukigawana kikombe. Nikaomba simu ya dere nikarekodi voisi. Nikasema mimi ndio niko na hiyo kitu, iko kwa hewa si kwa kikombe, fungueni madirisha hata kukinyesha abiria wakinung'unika wanung'unike, na ukikohoa zaidi ya wiki mbili enda upimwe, usifuate kemisti kama mimi. Kwanza wakanitania vibaya sana. Lakini usiku wawili wakampigia dere pembeni wakiuliza hiyo zahanati iko wapi, nikawapeleka mwenyewe, mmoja akapatikana nayo.

Huyo sasa namflashi mimi. Nimalize dawa zangu mwezi wa sita, nipimwe, niambiwe iko safi, nikidhani nitaanza kulala, wapi, saa kumi na robo niko macho namngoja arudishe. Wiki jana alirudisha mbili, nikapiga ya kweli, kumbe ni mtoto alikuwa anachezea simu.