Nilivyopata gazoni ya kijani bila kulisha utelezi wa ziwani

Aliyeniuzia mbolea aliniambia: weka nyingi, na uiweke kabla ya mvua ili iingie vizuri. Nilimwamini, maana kuuza mbolea ndiyo kazi yake, na mimi nilikuwa na harusi tatu mbele yangu. Bustani yetu iko hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande wa Muhumba. Inateremka hadi Ziwa Kivu, na watu wanaikodi kwa sherehe na picha. Bibi harusi hataki kupigwa picha juu ya majani ya njano.

Nikanunua gunia la mbolea ya 17-17-17, kama dola hamsini hivi pamoja na usafiri. Mwezi wa kumi, mimi na kijana anayenisaidia tukamwaga karibu nusu yake kwa mikono. Usiku mvua ikanyesha kama kawaida yake msimu huo. Asubuhi nilikuta punje za mbolea zimejipanga kwenye mfereji wa saruji, na maji mekundu ya tope yanakimbilia pale pwani ambapo akina mama wanafua na watoto wanachota. Gazoni yenyewe, yaani majani ya bustani, ikatoka mistari mistari: kijani pale mkono ulipoelemea, kwingine imeungua. Wiki chache baadaye mawe ya pale chini yalikuwa yamevaa utelezi wa kijani, mrefu kama nywele. Mama mmoja akateleza na beseni lake lote. Akapanda hadi mlangoni kwangu, nguo zinachuruzika, akaniuliza: «Mama, munatupaka nini mu maji?»

Swali lile lilinikosesha usingizi.

Jirani yangu, muzee anayeheshimika sana, alinituliza. Ziwa hili lina kina cha mita 485 hivi, akasema, nusu gunia litalifanya nini? Hilo nalikataa hadi leo. Maji ya juu ya Kivu, kama mita 60, hayachanganyiki na yale ya chini yenye gesi. Ninachomwaga pwani kinabaki juu, kwenye mwanga, kwenye kona yetu, pale pale tunapochota. Kina hakitusaidii kitu.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, ambaye anakata majani ya watu huko Minnesota, Marekani, jimbo lenye maziwa maelfu. Nilimtumia picha ya gunia. Akanipigia hapo hapo: «Yaya, angalia namba ya katikati!» Namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosforasi, ya tatu ni potasiamu. Kwao ipo sheria iliyopitishwa mwaka 2002, na tangu 2005 inashika jimbo zima: kwenye gazoni ya kawaida namba ya katikati iwe sufuri, isipokuwa unaotesha majani mapya au udongo umepimwa ukaonekana una upungufu. Na punje zikianguka barabarani au kwenye saruji, lazima uzizoe. Sababu ni kwamba fosforasi ndiyo inayonenepesha mwani, ule utelezi wa kijani, kwenye maji mengi ya ziwa. Akanisimulia pia kuhusu Ziwa 226, ziwa dogo la majaribio huko Kanada. Mwaka 1973 watafiti waliligawa kwa pazia, wakatia kaboni na naitrojeni pande zote mbili, lakini fosforasi upande mmoja tu. Upande huo ukageuka kijani.

Habari ya pazia ndiyo iliyonipa akili ya kamba.

Nilichagua sehemu tambarare juu, mbali na mfereji, nikapima kwa kamba miraba minne ya mita mbili kwa mbili. Wa kwanza sikuupa kitu. Wa pili niliupa urea, 46-0-0, vijiko vitatu vya chakula vilivyoyeyushwa ndani ya maji. Wa tatu niliupa 17-17-17, vijiko vinane, ili naitrojeni ikaribie kulingana. Wa nne niliuachia majani yake yenyewe yaliyokatwa, yasizolewe. Sikumwambia mtu upi ni upi. Hata kijana wangu hakujua. Niliandika kwenye daftari nikalificha. Baada ya wiki tano nikamwita muzee, nikamwomba anionyeshe mraba wa 17-17-17. Akazunguka, akainama, akashika majani kwa vidole, akachukua muda wake wote. Kisha akaonyesha wa urea, usiopewa fosforasi. Nilipofungua daftari alikaa kimya, halafu akaniambia: «Basi nawe unifundishe.» Sijasahau furaha ya siku ile. Mraba wa nne ulichelewa, lakini kufikia mwezi wa tatu ulikuwa karibu sawa na hiyo miwili.

Nisieleweke vibaya. Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, imetupiwa majivu na maganda ya jikoni miaka na miaka, fosforasi haikosekani humo. Mkulima wa maharagwe kule milimani ana udongo mwingine kabisa, na ile namba ya katikati anaihitaji kweli. Pima kwako kabla ya kuniiga.

Mfereji wetu unapita parseli nne, kwa hiyo kujirekebisha peke yangu kusingetosha. Sheria ya maji ya nchi, namba 15/026 ya mwaka 2015, ipo, lakini sijaona mtu akija kuniuliza habari za gazoni. Tukakaa majirani wanne, muzee akiwa upande wangu sasa, tukakubaliana yetu. Gazoni iliyokwisha kushika haipewi fosforasi. Mbingu ikiwa nyeusi, gunia linabaki ndani. Majivu hayatupwi mferejini, maana nayo yana fosforasi. Na fosforasi husafiri pamoja na tope, kwa hiyo kipara chochote kwenye mteremko kinapandwa haraka. Ubishi ulikuwa juu ya ukanda wa mita tano kando ya maji, usiopewa mbolea wala kukatwa chini kabisa. Mmoja aliogopa nyoka. Tukamalizana kwa kuukata usawa wa goti, na mwenye mbuzi anakuja kubeba majani, ananiachia pesa kidogo.

Kivu ina mizigo mizito kuliko gazoni zetu: vyoo, takataka, udongo wa vilima vyote hivi. Nalijua hilo na linaniuma. Lakini kwenye kona yetu, msimu uliofuata, yale mawe yalivaa utelezi mwembamba tu, na yule mama amerudi kufulia pale pale. Harusi zinaendelea, na majani ni ya kijani.

Nusu ya gunia iliyobaki nilimpelekea shangazi yangu Walungu, kwa ajili ya maharagwe yake.