Kulungu wa Jumapili

Msimu wa 2024 nimeufunga kwa kusafisha bunduki zote mbili na kuzirudisha kabatini, na kabla kumbukumbu hazijaanza kujipamba ningependa kuyaandika yaliyonipata tangu Septemba hadi maziwa yalipoganda. Si yote. Yapo mawili tu ambayo nimekuwa nikiyageuza kichwani kila nilipokuwa njiani kwenda kazini: bata mmoja niliyekataa kumla, na kulungu mmoja niliyemla baada ya kusitasita sana.

Mawindo yangu yako magharibi ya Minnesota, katika kaunti ya Otter Tail, nchi yenye maziwa zaidi ya elfu moja, machache makubwa na mengi yakiwa vidimbwi vilivyozungukwa na matete na mashamba ya mahindi. Mwenyeji wangu ni mkulima mzee wa asili ya Norwei ambaye mwaka huu ni wa saba tangu aniruhusu kuingia kwake, kwa sharti moja tu, kwamba kila lango nilifunge kama nilivyolikuta. Kwetu Malindi nisingeweza kuwa mwindaji hata kama ningetaka, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa. Babu yangu, aliyekuwa fundi wa kutega kanga, aliendelea kutega kwa siri, na mifupa ilizikwa nyuma ya nyumba kabla ya jua kuchomoza. Nilikua nikijua kwamba nyama ya porini huliwa mlango umefungwa, halafu nikahamia mahali ambapo mwindaji wa kulungu hulazimishwa na sheria avae rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, aonekane na kila mtu. Hata kuanza kwenyewe kulikuwa na fedheha yake ndogo: huku mtu aliyezaliwa baada ya 1979 hana budi kupita kozi ya usalama wa silaha ndipo auziwe leseni ya kuwinda kwa bunduki, na mimi, baba wa watoto watatu, nilikaa darasani miongoni mwa vijana wa miaka 11 na 12 ambao walijibu maswali upesi kuniliko.

Msimu wa bata ulifunguliwa Jumamosi ya tarehe 21 Septemba. Nilisali alfajiri nyuma ya gari, juu ya turubai, kisha mimi na mzee tukaingia kwenye matete tukiwa tumevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, mbwa wake akitutangulia. Kufyatua hakuruhusiwi mpaka ibaki nusu saa jua lichomoze, na siku ile hiyo ilikuwa kama saa kumi na mbili na dakika 40. Muda uliobaki ni wa kupanga bata bandia juu ya maji na kusikiliza. Mabawa husikika kabla hujaona kitu, mvumo kama wa kitambaa kinachochanwa juu ya kichwa, na mtu unajikuta umeinama bila kuamriwa.

Risasi zetu za bata ni marisau ya chuma. Yale ya madini ya risasi yamekatazwa kwa uwindaji wa ndege wa maji nchini kote tangu 1991, kwa sababu yalikuwa yakizama kwenye tope, bata wakayameza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Chuma ni chepesi, hupoteza nguvu mapema, na anayefyatua mbali hujeruhi badala ya kuua. Mzee huyu hafyatui kitu kilichopita mita 30, na alinifundisha kukadiria umbali kwa macho ya bata: ukiyaona, yuko karibu vya kutosha. Asubuhi ile nilimwona bata dume wa aina ya mallard, kichwa chake cha kijani kikiwa bado cheusi katika mwanga ule hafifu. Nilitaja jina la Mwenyezi Mungu, nikafyatua. Macho yake sikuwa nimeyaona.

Aliangukia upande wa pili wa matete, akiwa hai. Mbwa alimtafuta kwa dakika nyingi, na alipomleta, bata alikuwa amekufa, na mzee, ambaye alikuwa amesimama mahali pa kuona, aliniambia kwamba alikutwa kichwa kikiwa ndani ya maji.

Kwa mzee habari hiyo haikuwa na uzito wowote. Kwangu ilikuwa na uzito. Nilipoanza kuwinda nilimwendea shekhe wa msikiti wetu, naye akanisomea hadithi ya Adiyy bin Hatim, mtu wa kabila la Tayy, ambaye alimuuliza Mtume (s.a.w.) maswali ya mwindaji hasa, yale ambayo hayamjii mtu asiyewahi kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Miongoni mwa majibu aliyopewa ni kwamba akikikuta kiwindwa kimeangukia majini asile, kwa kuwa hajui ni maji yaliyokiua au ni mshale wake. Shekhe alinieleza kwamba jeraha likiwa ni la kuua papo hapo shaka huondoka. Hili langu halikuwa la papo hapo. Niliyageuza manyoya ya bata yule nikakuta marisau mawili tu, moja kwenye bawa na jingine pajani.

Mzee alisema atamchukua yeye. Hapo sheria ya Marekani nayo ikadai chake, maana ndege wa kuhamahama hapewi mtu mwingine hivihivi. Anafungiwa karatasi yenye sahihi ya aliyemuua, anwani yake, aina na idadi ya ndege, na tarehe. Niliandika karatasi hiyo juu ya goti, vidole vikiwa na ganzi. Bata yule alibaki katika hesabu yangu ya siku, sita kwa mwindaji mmoja, na mallard wasizidi wanne. Sheria hiyohiyo inamtaka mwindaji ajitahidi kumtafuta kila ndege aliyemwangusha, asimwache aozee kwenye matete. Nimeona wanaolalamikia wingi wa kanuni hizi, na mimi pia nimelalamika kidogo siku ya kununua stempu ya bata, yaani kibali cha kuwinda ndege wa maji, kwa dola 25, lakini karatasi ile niliiandika kwa hiari kabisa, kana kwamba ni maungamo.

Oktoba ilikuwa ya mabata bukini, na sina mengi ya kuisimulia. Huwindwa kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mtu akiwa amelala chali chini ya mabua, na wakianguka huanguka pakavu. Aliye hai unamwahi kwa kisu ukamchinja, na mambo yakaisha. Mmoja alikuwa na pete ya alumini mguuni. Niliipeleka namba yake kwenye maabara ya serikali inayotunza kumbukumbu za ndege, nikajibiwa kwamba alivishwa akiwa kinda, Manitoba. Pete hiyo sasa binti yangu ameitundika kwenye begi lake la shule.

Kisha ikaja Novemba. Namwita mnyama huyu kulungu kwa sababu kamusi zetu zimeamua hivyo, ingawa kulungu wa kwetu hubaki na pembe zake maisha yote, na huyu wa mkia mweupe, dume lake, huziangusha kila majira ya baridi na kuotesha nyingine. Katika wiki hizo za mwanzo wa Novemba madume huwa hayana akili: yanafuata majike mchana kweupe, yanaparura ardhi chini ya matawi, yanasugua pembe kwenye miti mpaka magome yanachunika. Jumamosi ya tarehe 9 nilikaa juu ya dungu langu, mbao nne na ngazi kwenye mwaloni, tangu kabla ya mapambazuko. Neno dungu nalipenda, kwa kuwa ni lile lile la kulindia mpunga dhidi ya ndege, na kazi yenyewe haina tofauti kubwa: kukaa, kutazama, kupigwa na baridi. Upepo ulikuwa ukinijia usoni, kama inavyotakiwa, lakini mchana wote nilihesabu kindi tu.

Saa kumi na moja na dakika 12 jioni jike alitoka kwenye ukingo wa msitu, mita kama 90. Ilibaki robo saa hivi muda halali uishe. Alikuwa amesimama mshazari, si ubavu kamili, na ningengoja apige hatua mbili bega lingejifungua na mapafu yakawa wazi. Nilijua hivyo, na ninakumbuka kwamba nilijua. Lakini mwanga ulikuwa unakwenda, nilikuwa nimekaa siku nzima, na kidole kikaamua. Aliruka, akainamisha mgongo, akaingia msituni.

Damu niliyoikuta kwenye nyasi haikuwa ya waridi yenye povu, ambayo ni ya mapafu na hukuahidi mnyama aliyelala jirani. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, karibu na weusi. Hiyo ni damu ya ini. Mnyama wa namna hii atakufa, lakini ukimfuata mara moja atainuka na kwenda mbali mahali usipomwona tena, kwa hiyo huruma yenyewe inadai umwache peke yake kwa saa nyingi. Hakuna muda mrefu kuliko huo. Nilikaa jikoni kwa mzee, kahawa ikapoa mbele yangu, naye kwa adabu yake akazungumzia bei ya soya.

Saa nne usiku tuliingia na taa za kichwani, bunduki tukiziacha ndani. Tulifunga kipande cha karatasi laini kwenye kila tone, na tulipogeuka nyuma tuliona mstari mweupe ukipinda kati ya miti. Kwenye ukingo wa kinamasi mstari ukakatika. Tulizunguka mpaka saa sita, tukisikia mbweha wa huku wakilia upande wa kaskazini, na kila walipolia nilihesabu wako wapi.

Alfajiri ya Jumapili nilirudi peke yangu. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi, na nilimkuta chini ya mti ulioanguka, hatua zisizozidi 60 kutoka tulipokata tamaa. Nyayo za mbweha zilikuwa zimefika hadi karibu naye kisha zikageuka. Nilipiga magoti nikamkagua kila mahali, masikio, tumbo, nyuma ya miguu, polepole kuliko nilivyowahi kukagua kitu chochote. Hapakuwa na jino. Palikuwa na tundu moja, la kwangu, nyuma kidogo ya pale lilipopaswa kuwa.

Adiyy aliuliza hili pia, na akajibiwa kwamba akimkuta mnyama baada ya siku moja au mbili, na hana alama ila ya mshale wake, ale akipenda. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha pale kwenye barafu. Ruhusa nilikuwa nayo. Baridi ya usiku ilikuwa imeihifadhi nyama, haikuwa na harufu. Kupenda ndiko kulikokuwa kugumu, kwa kuwa mnyama huyu alikuwa amechukua sehemu ya usiku kufa kwa sababu ya hatua mbili nilizoshindwa kuzingoja. Hata hivyo kumwacha pale kungekuwa kumuua mara ya pili. Nilimpasua, nikamvuta hadi njiani, nikamsajili kwa simu kama sheria inavyotaka.

Nyumbani mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha wala hakukubali. Alifunga nyama katika pakiti, akaandika tarehe kwenye kila moja, na zile za kulungu yule akaziweka droo ya chini kabisa, mbali na nyingine, akiziita "za yule wa Jumapili". Baadaye nilimsikia akizungumza na baba yake Malindi kwa simu. Mzee aliuliza maswali mengi, kisha akacheka kwa sauti iliyofika hadi sebuleni, akisema kwamba siku zao hakuna aliyepata nafasi ya kumkagua mnyama hivyo, maana walikuwa wakikimbia askari.

Wiki tatu zilipita bila droo ile kuguswa. Maziwa yaliganda, mabata wa mwisho walipita usiku wakielekea kusini. Ijumaa iliyopita nilirudi kazini nikakuta pakiti moja iko kwenye sinia karibu na sinki, inayeyuka, na kando yake nazi mbili zilizokwisha kukunwa.