Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya presha

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari ya kituo cha afya cha umma. Napima, naandika, natoa dawa. Ila muda mrefu zaidi wa siku hupita nikisikiliza habari za ujira, kodi za nyumba na zamu za usiku, maana huko ndiko presha nyingi ninazozipima zinakoanzia. Hii ilikuwa siku yangu ya jana.

Saa 1:00 asubuhi

Tunafungua saa 2:00, lakini foleni imeshajipanga. Waliotangulia ni vibarua wa ujenzi, wafanyakazi wa ndani, na walinzi waliotoka lindo la usiku bila kupitia nyumbani. Mwenye mshahara wa mwezi huomba ruhusa ya asubuhi, akapewa, na mwisho wa mwezi asikatwe kitu. Wa kutwa akichelewa anakuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Hapa kwetu hakuna malipo dirishani, na sera hiyo naitetea popote nilipo. Hata hivyo, wapo wanaolipia matibabu haya ya bure kwa ujira wa siku nzima.

Saa 2:15

Mama mmoja, mfanya usafi wa maofisini: 168 kwa 102. Presha ya juu tunaanza kuihesabu kwenye 140 kwa 90. Juu ya faili lake mtu ameandika kwa wino mwekundu: "Hafuati matibabu."

"Mama, dawa unameza saa ngapi?"

"Hii nyeupe naimeza, mwanangu. Ile ya kukojosha naiacha siku za kazi."

"Kwa nini?"

"Msimamizi anaturuhusu kwenda chooni mara moja tu kwa zamu. Nikiimeza ile nitaaibika."

Ameishi hivyo miezi mingi na hakuna aliyemuuliza. Nilimwita daktari, tukapanga aimeze akishatoka kazini, na wiki ijayo aje tuone kama inafaa au ibadilishwe. Maandishi yale mekundu niliyapiga mstari, nikaandika sababu yenyewe chini yake. Nilichoshindwa kumwandikia ni ruhusa ya kwenda chooni. Hiyo inataka sheria ya kazi na mkaguzi wa kuisimamia, na faili langu halimfikii mkaguzi.

Saa 4:00 hadi 6:30

Kupima, kuandika, kupima.

Saa 7:00 mchana

Wakati wa mapumziko, mwanafunzi wa uuguzi aliye nasi kwa mafunzo aliniuliza, "Lakini dada, wangeacha sigara na kupunguza chumvi, si yangeisha?"

Swali zuri, na lina jibu. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walianza kufuatilia afya za wanaume zaidi ya 17,000, wote watumishi wa serikali jijini London. Hawakuwa mafukara. Kila mmoja alikuwa na ajira ya kudumu, na kila mmoja alikuwa na haki ya kutibiwa na huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa 1948. Michael Marmot na wenzake walipohesabu vifo, wakaiona ngazi: kila cheo kikishuka, vifo vinapanda. Waliokuwa chini kabisa walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya wale wa juu kabisa. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo kwa maradhi ya moyo.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ukachimba zaidi. Mtu asiye na kauli juu ya kazi yake, anayepangiwa afanye nini, lini na kwa kasi gani, ndiye aliyeugua moyo zaidi. Nikamwambia amkumbuke yule mama wa asubuhi. Kwa hakika sigara iachwe. Nami nawaambia wagonjwa hivyo kila siku. Ila tukiishia hapo tumemlaumu aliye chini ya ngazi kwa urefu wa ngazi.

Saa 8:30

Kikao cha kituo. Ajenda ilikuwa wagonjwa wasiohudhuria kliniki, na pendekezo mezani lilikuwa kwamba anayekosa miadi mara tatu aondolewe kwenye orodha. Hasira za wenzangu nazielewa, kwa sababu miadi iliyokosewa ni muda wetu uliopotea na orodha ni ndefu.

Nilikuwa nimepitia mafaili ya wasiohudhuria kabla ya kikao. Wengi wao wanalipwa kwa kutwa au wanafanya kazi za zamu. Nikasema adhabu hii itawafuta walewale tunaowahitaji zaidi hapa. Nikawatajia Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa Wales, aliyeandika mwaka 1971 kwamba tiba nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika kwa wingi. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ratiba yetu ya saa 2 hadi saa 10 nayo haikupangwa kwa ubaya, lakini inachagua nani atibiwe.

Adhabu imeahirishwa. Nimetakiwa kuleta pendekezo mbadala kwa maandishi.

Saa 10:30 jioni

Niliwapigia simu baadhi ya waliokosa. Mlinzi mmoja akaniambia, "Nesi, nilifika. Nikaambiwa namba zimekwisha." Kwenye daftari letu ameandikwa mtoro.

Saa 2:30 usiku

Nimeandika pendekezo. Kliniki ifunguliwe jioni moja kila wiki. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu, aache kurudi kila mwezi kwa ajili ya vidonge vilevile. Aliyefika akakosa namba aandikwe kuwa alifika. Kila faili liwe na sehemu ya kazi ya mgonjwa na saa zake, ili takwimu tunazopeleka juu zionyeshe nani anaugua na anafanya kazi gani. Wanaotunga sera hawawezi kurekebisha wasichokiona.

Palipotaka fikra zaidi ni watakaohudumu jioni hiyo. Wengi wetu ni wanawake wenye watoto wadogo, na wahudumu wa usafi wa kituo wanalipwa kidogo kuliko sote. Wakibaki hadi usiku bila malipo ya ziada na bila usafiri wa kurudi, nitakuwa nimeutoa mzigo mgongoni kwa wagonjwa nikawatwika wao. Kwa hiyo posho na usafiri wao nimeviweka mstari wa kwanza wa bajeti. Vikikaa mwisho, ndivyo vitakavyokatwa.