Kutwa Nzima Yogyakarta

Wageni wengi hulala Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, kwa ajili ya Borobudur, hekalu la Kibudha. Wanadamka alfajiri, wanapanda basi, wanalipiga picha hekalu, kesho yake wako Bali. Mimi nami nilikuja na mpango huohuo, ila wenyeji wangu, wazazi wa rafiki niliyesoma naye, waliufuta kabla chai haijapoa. "Lile lipo pale tangu karne ya 9," alisema mzee. "Halitahama leo." Niliwaita Bapak na Ibu, yaani baba na mama, kama mtaa mzima unavyowaita. Wao waliniita Mas, yaani kaka, kama kijana yeyote wa Kijawa.

Tukaanza na gudeg: fenesi changa lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi kwa saa nyingi hadi linageuka rangi ya udongo mwekundu. Huliwa na wali, yai, kuku, na ngozi ya ng'ombe iliyoungwa kwa pilipili. Sisi fenesi tunalingoja liive, tunajipaka mafuta mikononi tusinaswe na ulimbo. La kufanywa kitoweo sikuwahi kulifikiria. Niseme kweli, kwa asubuhi ule utamu umezidi, na ile ngozi yenye pilipili ndiyo iliyoniokoa. Ibu aliniongeza bila kuuliza.

Tulipanda becak, chombo cha magurudumu matatu ambacho abiria hukaa mbele na dereva anakanyaga pedali nyuma yake. Likitokea la kutokea, bampa ni wewe. Tukashuka Kraton, jumba la sultani lililojengwa baada ya ufalme wa Mataram kugawanywa mwaka 1755. Indonesia ni jamhuri, lakini hapa sultani wa sasa, Hamengkubuwono wa 10, ndiye pia gavana wa mkoa, hapigiwi kura, na sheria ya mwaka 2012 inamlinda. Uani wanapita wazee watumishi, peku, wamechomeka jambia mgongoni. Ujira wao ni mdogo mno, na bado watu wanaiomba kazi hiyo kwa sababu ya heshima yake. Tulikaa chini ya banda tukasikiliza gamelan, muziki wa Kijawa wa ala za kugongwa, na kila nilipotaka kunyanyuka Bapak alinishika goti.

Adhuhuri ikatukuta Kauman, mtaa ulio kando ya uwanja wa kaskazini wa jumba. Msikiti mkuu wa hapo ni wa mwaka 1773, una paa la ngazi tatu, mnara hauna. Nilipoingia nikaona safu za kuswali zimekwenda mshazari, hazilingani na kuta. Nilidhani fundi alikosea. Bapak alicheka, akanisubirisha hadi baada ya swala.

Kisa chenyewe ni cha mwishoni mwa karne ya 19. Khatibu kijana wa msikiti huu, Ahmad Dahlan, alirudi kutoka Makka akiwa amesoma falaki, akaona kwamba wenzake wanaswali kuelekea magharibi tu, ilhali kibla cha Java kimeinamia kaskazini zaidi. Aliposema, wakubwa wa dini walikasirika. Kijimsikiti chake mwenyewe, alichokijenga kwa kibla sahihi, kilibomolewa, akalazimika kukijenga upya. Mwaka 1912 alianzisha Muhammadiyah, jumuiya ya Kiislamu, hapahapa Kauman. Leo jumuiya hiyo ina shule, vyuo vikuu na hospitali nchi nzima. Na safu za msikiti zimekaa mshazari kama alivyotaka.

Nilifungua ramani kwenye simu. Kauman iko karibu nyuzi 7.8 kusini mwa ikweta. Ukiufuata mstari huohuo wa latitudo kwenda magharibi, unaikata Bahari ya Hindi yote na nchi kavu utakayokuja kuigusa upande wetu ni kisiwa cha Mafia. Nilimwonyesha Bapak. Aliivuta miwani puani, akaitazama Mafia kwa muda, kisha akamwita imamu naye aje aone.

Malioboro, barabara inayosifiwa kuliko zote, sikuipenda sana. Machinga waliokuwa wakijaza vibaraza vyake walihamishiwa kwenye majengo maalumu mwaka 2022; msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa zaidi. Kilichonifurahisha ni soko la Beringharjo, ambako Ibu alikuwa akigeuza kila kitambaa cha batiki kuangalia mgongo wake. Ile iliyochorwa kwa nta na mkono rangi yake hupenya pande zote mbili. Ya kuchapwa kiwandani nyuma imefifia. Vitenge vyetu navyo ni wajukuu wa batiki hii, iliyoigwa kwa mashine na Waholanzi. Ibu alipunguziwa bei hadi nikamwonea huruma muuzaji.

Jioni tulikaa mkekani karibu na stesheni ya Tugu, kwenye mkokoteni wa kopi joss. Muuzaji anachukua kaa la moto kwa koleo, analitumbukiza kwenye glasi ya kahawa, linalia joss! Kahawa yenyewe ya kawaida tu. Pembeni kuna vifurushi vidogo vya wali na sambal, pilipili ya kusaga. Bapak alikuwa hajamalizana na Mafia. Alitaka kujua wanaishi kwa nini, wanapanda nini, kama kuna nazi. Nikamwambia nazi zipo tele, na kuanzia mwezi wa kumi papa potwe wanasogea hadi karibu na ufuo, wakubwa kama basi, hawamgusi mtu. Ibu hakuamini. Nikatafuta video, kichwa cha muuzaji kikaingia katikati yetu, na mzee akaagiza kahawa nyingine.